Tui la Nazi Kichwani: Linachofanya na Lisichofanya

Swali ninaloulizwa mara nyingi na kina mama hapa pwani ni hili: je, tui la nazi hukuza nywele? Jibu langu ni fupi. Halikuzi. Unywele unaouona na kuushika tayari umekufa. Kilicho hai ni shina lake ndani ya ngozi, na shina hilo hulishwa na damu. Ukipaka tui, mafuta au majani ya aina yoyote juu ya unywele, hautaota kwa kasi zaidi.

Hiyo si sababu ya kulidharau tui. Nywele za kichwani hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, za binti wa jirani na za wako pia. Msichana anayeambiwa kwamba nywele zake hazikui, mara nyingi zinakua kama za wenziwe, ila zinakatika nchani kwa kasi ile ile zinayoota shinani. Hapo ndipo tui lina kazi. Hulainisha na kutelezesha, chanuo likapita bila kung'oa. Nywele zisizokatika ndizo tunazoziona zimerefuka, kisha tukasema tui limezikuza.

Kutofautisha mambo haya mawili kuna maana kubwa. Anayedhani tui ni mbolea hulipaka kila siku, hulilaza kichwani usiku kucha, hununua chupa za watu bila kuuliza kilichomo, au hulitumia kwa kichwa cha mtoto kinachohitaji dawa ya hospitali. Anayejua kazi yake halisi hulitumia mara chache, kwa njia safi, na hupata faida.

Kwa nini nywele zetu hukauka

Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe. Katika nywele zilizonyooka, mafuta hayo huteremka kwa urahisi mpaka nchani. Katika nywele zetu za kujikunja yanakwama njiani, ncha zikabaki kavu. Tena kila mkunjo ni mahali dhaifu ambapo unywele unaweza kukatika unapovutwa.

Ongeza mambo ya hapa kwetu. Jua ni kali, upepo wa bahari hauishi, na nyumba nyingi hutegemea maji ya kisima yenye chumvi. Ukiosha kichwa kwa maji hayo na sabuni ya kipande, unabaki utando mweupe juu ya nywele, na nywele zinakuwa kama makumbi. Kisha mtoto anaketishwa chini, anashikwa kichwa, na chanuo linaanzia utosini. Kilio kinachosikika si cha utundu. Anaumia, na nywele zinazobaki kwenye chanuo ndizo zile tunazolalamika kwamba hazikui.

Tui ni kitu gani

Nazi iliyokomaa ikikunwa na kukamwa hutoa maji yaliyobeba matone madogo mno ya mafuta. Protini kidogo iliyomo kwenye nazi huyazunguka matone hayo yasiungane, na ndiyo maana tui ni jeupe. Likiachwa litulie, hujitenga: zito juu, maji chini. Viwango vya kimataifa vya chakula vinataka tui la kawaida la kopo liwe na mafuta yasiyopungua asilimia 10, na lile zito lisipungue asilimia 20. Sehemu kubwa ya tui, basi, ni maji.

Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo ni ndogo na imenyooka kiasi cha kuweza kupenya ndani ya unywele. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini yanayotokana na petroli. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada yake. Tuusome utafiti huo kwa macho mawili: watafiti walikuwa wafanyakazi wa kampuni inayouza mafuta ya nazi, na walichopima ni mafuta, si tui.

Faida ya tui ni kwamba linaleta maji na mafuta kwa pamoja. Mafuta matupu hayana maji. Ukiyapaka juu ya nywele kavu unafungia ukavu ndani. Lakini nisiuze nazi kupita kiasi. Mwenye mafuta mazuri ya nazi akilowesha nywele zake kwanza, kisha akayapaka, atapata karibu faida ile ile. Tui ni la yule ambaye nazi iko jikoni na mbuzi iko karibu.

Jinsi ya kulitengeneza

Nazi moja kavu inatosha kichwa chenye nywele za kiasi. Ivunje, kisha onja kipande. Ikiwa ina uchachu au ladha ya mafuta yaliyooza, iweke kando. Nazi mbovu harabu ya nzima. Ikune taratibu, usifike kwenye ngozi ya kahawia iliyoshikana na kifuu.

Mimina nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, fikicha kwa mkono uliooshwa, kisha kama kwa kifumbu upate kasimile. Usiongeze maji mengi. Hili si tui la kuchemshia mihogo.

Sasa fanya jambo ambalo wengi huliruka: lichuje tena kwa kitambaa chepesi safi, kama kipande cha leso kuukuu. Tui la kifumbu peke yake hubakisha chembe za chicha. Kwenye wali hazina neno, lakini zikiingia katika nywele za kujikunja utazitoa moja moja mpaka jioni. Ukiwa na friji, liache humo saa 2, kisha chota sehemu nzito iliyopanda juu. Usilichemshe, kwani litakatika na mafuta yatajitenga.

Tui la kopo au la pakiti nalo linafaa, mradi halina sukari. Soma maandishi ubavuni kwanza.

Kabla ya kulipaka kichwani kwa mara ya kwanza, paka tone ndani ya kiwiko na usubiri siku moja. Mzio wa nazi ni nadra, lakini upo. Ukiona vipele au mwasho, acha.

Jinsi ya kulipaka

Fumua nywele na utenganishe mafundo kwa vidole. Zilowesha kwa maji, kisha zigawe mafungu manne hadi manane. Chukua fungu moja moja. Paka tui ukianzia nchani na kupanda juu, ukiacha ngozi ya kichwa, kwani ncha ndizo zenye kiu. Zikishalowa na kuteleza, chukua chanuo la meno mapana na uchane, pia ukianzia nchani. Ukifika penye fundo, shika unywele juu ya fundo hilo ili mvuto usifike kwenye ngozi. Kwa mtoto, huu ndio msaada mkubwa kuliko yote.

Funika kwa kofia ya kuogea kwa dakika 30. Hakuna haja ya kuzidisha. Kisha osha kwa shampuu, si kwa sabuni ya kufulia, mara mbili ikibidi, na suuza mpaka nywele zisiwe na utelezi wa mafuta. Ikiwa maji yako ni ya chumvi, weka akiba ya mtungi mdogo wa maji matamu kwa suuzo la mwisho. Usipokuwa na maji ya kutosha kusuuza vizuri, ahirisha. Tui lililobaki kichwani huchacha, hunuka na kuvuta sisimizi.

Nywele zikiwa bado na unyevu, paka mafuta kidogo ya nazi nchani, kisha suka mabutu yasiyovuta. Waache wanaovaa mtandio wakaushe nywele kwanza, kwani kichwa kilichofungwa kikiwa kimelowa huwasha na kutoa harufu. Kufanya hivi mara moja kila wiki mbili kunatosha.

Mwenye mba asiliguse kabisa kwenye ngozi. Mafuta yanayokaa hapo yanaweza kuzidisha mba badala ya kuiondoa.

Kumbuka pia kwamba tui ni chakula. Kwa joto la Mombasa huanza kuharibika kwa saa chache tu. Kwenye friji litumie ndani ya siku moja. Likizidi, ligandishe kwenye trei ya barafu na utoe vipande vichache kila unapohitaji. Ukiona chupa ya tui la nywele inauzwa ikiwa imekaa juani wiki nzima bila kuchacha, muulize muuzaji ni kitu gani kinacholihifadhi. Akishindwa kukujibu, rudisha pesa zako mfukoni.

Lisichofanya

Kwanza, tui halinyooshi nywele. Kuna mchanganyiko maarufu wa tui, ndimu na unga laini wa mahindi unaopikwa mpaka ukawa uji, ukasifiwa kwamba hunyoosha bila kemikali. Umbo la unywele hushikiliwa na viungo vya kikemia vilivyo ndani yake, na uji hauvivunji. Nywele huonekana zimelegea kwa sababu zimelowa na kulemewa, na zikikaushwa vizuri hurudi zilivyokuwa. Ndimu nayo huchoma ngozi yenye mikwaruzo, na majimaji yake yakibaki kwenye ngozi kisha ukatoka juani, yanaweza kuacha malengelenge na madoa meusi.

Kinachonyoosha ni dawa ya nywele ya saluni, na huweza kwa sababu ina magadi makali yanayovunja viungo hivyo. Ndiyo maana huunguza. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497. Waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 katika mwaka mmoja walipata saratani ya mfuko wa uzazi kwa kiwango cha zaidi ya maradufu kuliko wasiotumia. Uhusiano si thibitisho kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Hata hivyo, kwangu mimi inatosha kusema kichwa cha mtoto wa miaka saba kisiguswe na dawa hiyo. Mama anayeifikiria kwa sababu amechoka na vilio vya asubuhi, aanze na tui na chanuo la meno mapana.

Pili, tui haliponyi mapunye. Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Mtoto akiwa na mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, magamba, mwasho, au nywele zilizokatika zikaacha nukta nyeusi, huo ni ugonjwa wa fangasi. Fangasi huyo huingia ndani ya unywele wenyewe, mahali ambapo tui, mafuta na hata krimu ya kupaka hazimfikii. Anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, inayotolewa na mhudumu wa afya. Mapunye yakiachwa yavimbe na kutunga usaha, yanaweza kuacha kipara cha maisha. Vitana, kofia na mashine ya kunyolea visichangiwe, na ndugu zake wakaguliwe pia.

Tatu, tui halirudishi nywele za kando ya paji la uso zilizong'olewa na misuko ya kubana. Ukiona ngozi inang'aa hapo, au vipele vidogo baada ya kusukwa, legeza mara moja. Mashina yakivutwa miaka mingi hufa, na hakuna cha kupaka kitakachoyafufua. Msusi akikuambia kwamba msuko usiouma haudumu, mwambie na udumu wiki moja pungufu.

Nazi moja, matumizi mawili

Nazi si kitu cha kuchezea katika nyumba nyingi. Ikiwa iliyopo ni moja na wali haujapikwa, wali kwanza. Lakini kichwa cha mtoto hakihitaji nazi nzima. Vijiko vinne au vitano vya kasimile vinavyochotwa kabla ya tui kuingia sufuriani vinatosha kulainisha ncha zake. Machicha wapewe kuku.

Basi Jumamosi hii, kabla ya kumsuka mtoto kwa ajili ya shule, chota vijiko hivyo, lowesha nywele zake, na uanze nchani. Mkague ngozi ya kichwa ukiwa hapo hapo, fungu kwa fungu, penye mwanga. Ukikuta baka, acha tui jikoni na umpeleke zahanati.