Shamba Ni Lako, Lakini Duka Lataka Ruhusa

Miji yetu ya Kenya yazidi kukua, na mashamba yaliyokuwa mbali na barabara leo yamepakana na vituo vya petroli. Basi si ajabu mwenye shamba kutamani kung'oa migomba na kujenga maduka ya kupangisha. Nia hiyo si mbaya. Lakini wako wengi wanaodhani ya kuwa mtu akiisha kupata hati ya ardhi, hapana awezaye kumwuliza neno. Sivyo. Hati yaonyesha ardhi ni ya nani. Haisemi kwamba kila kazi yaweza kufanywa juu yake.

Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 yaamuru kwamba mtu asijenge, wala asigeuze shamba kuwa mahali pa biashara, kabla ya kupewa ruhusa na Serikali ya Kaunti. Mwenye kuanza bila ruhusa aweza kutozwa faini hata shilingi 500,000, au kufungwa hata miezi 2, au yote mawili.

Atakaye ruhusa humwendea mpangaji wa miji aliyeandikishwa, ambaye huandika maelezo ya ardhi na ya kazi mpya inayokusudiwa. Kisha hutolewa tangazo, ili wenye pingamizi walete maneno yao kwa kaunti. Ndipo maofisa huyapima maombi.

Tangazo hilo ndilo wengi walichukialo. Lakini tufikiri: ghala huleta malori usiku, na maduka kumi huleta maji machafu. Jirani ana haki ya kuuliza yatakwenda wapi, na afadhali aulize kabla ya msingi kuchimbwa kuliko baada ya paa kuezekwa. Mwenye busara huwaendea majirani zake mapema, akawaonyesha ramani.

Wazee wana sababu ya kuyatilia shaka mambo ya kugawa miji. Katika mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mjuzi wa afya, alishauri wakaaji wa Nairobi watengwe kwa rangi zao. Mipango ya namna hiyo ilimfungia Mwafrika mlango wa biashara. Sheria ya leo haiulizi rangi. Yauliza kazi ya ardhi, na yampa mnyonge nafasi ya kusema.

Akataliwaye asikate tamaa, wala asijenge kwa siri. Anazo siku 14 za kupeleka rufani mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri haya, na asiporidhika, iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Haki hiyo ni ya jirani pia, endapo ruhusa imetolewa naye ameumia.

Mwenye fedha za matofali, basi, na atenge kwanza siku na fedha za maombi. Ukuta uliojengwa bila ruhusa waweza kubomolewa, na mkopo ulioujenga utabaki kulipwa.