Vihami Viwili Vikikutana

Vile vikombe vya kaure vinavyoshikilia nyaya juu ya nguzo za umeme vimetengenezwa kwa oksidi, yaani madini yaliyoungana na oksijeni. Vimewekwa pale kwa sababu umeme haupiti ndani yake. Oksidi nyingi ndivyo zilivyo, nazo zimekuwa vihami vya kutumainiwa tangu umeme uanze kusambazwa. Ndiyo maana makala iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 2004 iliwashtua wanafizikia. Akira Ohtomo na Harold Hwang walikuwa wamekutanisha oksidi mbili zisizopitisha umeme, na katika mpaka wao umeme ukapita bila shida.

Oksidi ya chini ni strontiamu titaneti, fuwele angavu ambayo katika miaka ya 1950 ilichongwa na kuuzwa kama kito cha kuiga almasi. Juu yake hujengwa utando wa lanthanamu aluminati, tabaka baada ya tabaka. Ukiwa na tabaka tatu, hakuna kinachotokea. Likiongezwa la nne, mpaka unaanza kupitisha umeme. Tabaka zote nne kwa pamoja hazifikii unene wa sehemu mbili kwa milioni za milimita moja!

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya lanthanamu aluminati, safu za atomu zina chaji chanya na hasi kwa zamu, na kila tabaka linaloongezwa huzidisha msukumo wa umeme ndani ya utando. Msukumo ukizidi uwezo wa utando, elektroni huhamia mpakani na kutulia upande wa strontiamu titaneti. Upungufu wa oksijeni katika fuwele nao hutoa elektroni, na wanasayansi wamebishana kwa miaka mingi kuhusu chanzo kipi kina uzito zaidi.

Mwaka 2007 watafiti wa Geneva, Uswisi, na Augsburg, Ujerumani, waliupoza mpaka huo hadi takriban kelvini 0.2, karibu kabisa na sifuri halisi ambayo ni nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Ukinzani ukatoweka. Pasi hupata moto kwa sababu waya wake unakinza elektroni. Katika supakondakta ukinzani huo haupo, na mkondo hauachi joto lolote njiani. Heike Kamerlingh Onnes aliliona jambo hili katika zebaki huko Leiden mwaka 1911, na leo sumaku za mashine za MRI hospitalini zinalitegemea. Lakini kulikuta katikati ya vihami viwili ni jambo la kushangaza.

Kwangu mimi, jambo kubwa zaidi lilikuja mwaka 2008. Kundi lile lile lilionyesha kwamba usupakondakta huu unaweza kuwashwa na kuzimwa kwa volti tu. Supakondakta ya kawaida, ukitaka kuibadili, mara nyingi hulazimika kuchanganya upya kemikali zake. Hapa volti inayowekwa nyuma ya fuwele huongeza au kupunguza elektroni mpakani, na kipande ni kile kile. Ungedhani ni kama koki ya maji, kwamba ukifungua zaidi utapata zaidi. Sivyo. Elektroni zikiwa chache mno, mpaka unarudi kuwa kihami. Zikizidi kiasi, usupakondakta nao unafifia. Kilele kiko katikati, na mtafiti anaweza kukipanda na kukishuka akitazama kila hatua.

Mwaka 2021 watafiti wa maabara ya Argonne, Marekani, na wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, walipiga hatua nyingine kwa kutumia oksidi tofauti, potasiamu tantaleti. Safari hii usupakondakta ulianza kwenye takriban kelvini 2, mara kumi ya ule wa mwanzo, na wenyewe pia ukatii volti. Hata namna fuwele ilivyokatwa ilileta tofauti. Uso mmoja ulifika kelvini 2, mwingine haukufika kelvini 1, na wa tatu haukuonyesha chochote katika majaribio hayo. Atomu ni zile zile, ila zimepangwa tofauti pale mpakani.

Kelvini 2 bado ni baridi ya heliamu ya kimiminika. Kwa hiyo ugunduzi huu hautapunguza bili yako ya umeme. Faida yake iko kwingine. Unawapa watafiti mahali pa kuuchunguza usupakondakta wakiwa wameushika mkononi, na njia ya kuunda swichi ndogo mno zinazoweza kutumika katika kompyuta za kwantamu na vipima sumaku. Hiyo ni kazi yenye thamani bila kutiwa chumvi. Mtu akikuahidi nyaya zisizopoteza umeme kutokana na utafiti huu, mwulize kwanza zitafanya kazi kwenye baridi ya kelvini ngapi.