Ziwa Kivu: Kwa nini mahali pa kusimika hema ni suala la uhai?

Barabara ya lami inayoanzia Rubavu, mji ambao wengi bado wanauita Gisenyi, hufuata ufuko wa Ziwa Kivu hadi Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda. Karibu nayo ipo njia ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, Congo Nile Trail, yenye urefu wa kilomita 227. Kwa miguu, safari hiyo huchukua takriban siku 10, na wasafiri wengi hulala hemani.

Kaskazini-mashariki mwa mji husimama Karisimbi, volkano yenye mita 4,507, ambayo kilele chake huonekana cheupe baadhi ya asubuhi. Jina lake huhusishwa na neno la Kinyarwanda lenye maana ya kauri nyeupe. Weupe huo ni wa mvua ya mawe au theluji inayoyeyuka upesi. Barafu ya kudumu iliyo karibu zaidi iko milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, nayo imebaki sehemu ndogo tu ya ilivyokuwa mwaka 1906.

Kwa hiyo anayelala ufukweni, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hana sababu kubwa ya kuhofia baridi. La kuhofiwa zaidi ni ardhi yenyewe.

Mazuku ni nini?

Ndilo jina ambalo wakazi wa eneo hilo huiita gesi ya kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa za miamba ya volkano. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu. Mchana upepo huitawanya. Usiku, hewa inapotulia, hujikusanya mabondeni na kwenye mashimo, hasa karibu na usawa wa ardhi, yaani pale pale kichwa cha mtu aliyelala kilipo. Inapozidi asilimia 10 ya hewa, mtu anaweza kupoteza fahamu katika dakika chache.

Maeneo yanayojulikana zaidi kwa mazuku yako ng'ambo ya mpaka, kati ya Goma na Sake. Huko, Mugunga na Bulengo, waliolala hemani kwa miaka mingi si watalii bali wakimbizi wa vita, ambao hawakuwa na nafasi ya kuchagua kiwanja.

Msafiri anaweza kuchagua. Mahali palipoinuka na penye upepo ni bora kuliko kishimo kinachoonekana kuwa na kivuli na utulivu. Ndege, mijusi au wadudu waliokufa wakiwa wametapakaa ni ishara ya kuondoka mara moja, na mwenyeji anapaswa kuulizwa kabla ya kigingi cha kwanza kupigwa.

Gesi iliyoyeyuka kwenye kina cha ziwa ni suala jingine. Imezuiwa huko na uzito wa maji, na methani yake huvunwa Karongi kuzalisha umeme.

Kingo za mito nazo si salama wakati wa mvua. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mto Sebeya ulifurika wilayani Rubavu, na mafuriko na maporomoko ya siku hiyo yaliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa nchi. Wengi walikuwa wamelala.