Mtoto Akipotea, Mama Amwambie Nani?

Tuchukue mfano wa mama mmoja, mke wa askari polisi, anayekaa katika nyumba za kambi. Asubuhi moja anafua nguo za mwanawe wa miaka kumi na tisa, na katika mfuko wa suruali anakuta karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, imeungua kwa chini. Maana yake anaijua, kwani majirani wamekwisha nong'ona. Jioni mumewe atarudi kutoka zamu. Je, amwambie? Akimwambia, baba huyo amekula kiapo cha kulinda sheria, na mtoto aweza kuishia rumande. Akinyamaza, mtoto ataendelea kuteketea mbele ya macho yake.

Tuchukue na mama wa pili, wa mashambani, huko magharibi karibu na mpaka wa Kongo. Mwanawe ameaga kwamba amepata kazi nzuri ng'ambo. Nauli imelipwa na mtu asiyejulikana pale nyumbani, na tangu siku hiyo simu ya kijana haipatikani. Mama anashuku kwamba mwanawe amechukuliwa na waasi. Je, aende kituoni akaseme? Akisema, huenda nyumba yake ikahesabiwa kuwa nyumba ya waasi. Asiposema, mwanawe atafundishwa kuua.

Mama hawa wawili hawajuani, lakini swali lao ni moja. Makala haya yanakusudia kuzipima hatua zilizochukuliwa na serikali, yetu ya Uganda na za jirani zetu, dhidi ya madawa ya kulevya na dhidi ya itikadi kali za kutumia silaha. Kipimo chetu hakitakuwa idadi ya waliokamatwa peke yake. Tutauliza pia: je, hatua hizo zimempa mzazi mahali pa kusema?

MOTO WA MAGHARIBI

Msomaji wetu askari hahitaji kusimuliwa ADF ni nani. Kundi hilo liliungana kutokana na watu wa itikadi kali za kidini na mabaki ya waasi wa zamani wa milima ya Rwenzori, likaushambulia mji wa mpakani wa Mpondwe mnamo Novemba 1996. Tarehe 8 Juni 1998 liliwachoma moto wanafunzi wa Chuo cha Ufundi cha Kichwamba wakiwa katika mabweni yao. Miaka ishirini na mitano baadaye, tarehe 16 Juni 2023, wanafunzi wa shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale pale Mpondwe, walikatwa mapanga na kuchomwa moto usiku. Waliokufa walizidi arobaini. Katikati ya misiba hiyo miwili, tarehe 16 Novemba 2021, mabomu yalilipuka jijini Kampala karibu na kituo kikuu cha polisi na karibu na Bunge.

Dhidi ya watu wa namna hiyo hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba bunduki haikuhitajika. Jamil Mukulu, aliyekuwa kiongozi wa kundi hilo, alikamatwa nchini Tanzania mwaka 2015 na kuletwa Uganda kujibu mashtaka. Tarehe 30 Novemba 2021 majeshi ya Uganda na Kongo yalianza kuzishambulia kambi za waasi ndani ya misitu ya Kongo. Askari wetu wametoa jasho na damu, na heshima yao haiwezi kupunguzwa na kalamu.

Hata hivyo, bunduki humfikia yule aliyekwisha ingia msituni. Haimzuii anayelipiwa nauli leo. Wengi wa vijana walionaswa na kundi hili hawakwenda kwa kupenda vita. Waliahidiwa kazi, wengine wakaahidiwa masomo, na walipofumbuka macho walikuwa wamezungukwa na msitu na walinzi. Mtu wa namna hiyo anatafuta njia ya kutoka. Kama njia hiyo haipo, atapigana mpaka mwisho kwa sababu hana pengine pa kwenda.

SHERIA YA MWAKA 2000

Uganda ililiona jambo hili mapema kuliko nchi nyingi. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilitokana na kilio cha wazazi na viongozi wa dini na wa mila, hasa wa Acholi, ambako watoto walitekwa na waasi wa Joseph Kony na kulazimishwa kubeba silaha. Wazazi hao walisema kwamba wanaowindwa msituni ni watoto wao wenyewe. Sheria ikawafungulia mlango wote waliopigana na serikali tangu tarehe 26 Januari 1986, wakiwemo wa ADF, mradi waache vita na kusalimisha silaha.

Kinachostahili kutazamwa kwa makini ni mahali ambapo sheria ilimruhusu mtu kujisalimisha. Aliweza kwenda kwa jeshi au polisi walio karibu. Lakini kadhalika aliweza kwenda kwa chifu, kwa mjumbe wa serikali ya mtaa, kwa hakimu, au kwa kiongozi wa dini wa mahali pale. Huo ndio uliokuwa ufundi wa sheria hiyo. Anayeogopa sare aliweza kubisha hodi kwa padri au kwa imamu, na mama anayeogopa kituo aliweza kumtuma mjomba kwa chifu. Baadaye mtu huyo alipewa hati ya msamaha, fedha taslimu shilingi 263,000, godoro, blanketi, vyombo, jembe na mbegu. Zaidi ya watu 26,000 waliupitia mlango huo. Kila mmoja wao ni bunduki moja iliyonyamaza bila askari kufa.

Sifa hizo zisitufanye tufumbe macho mbele ya kasoro. Godoro na jembe havimwondolei mtu ndoto mbaya za usiku. Wapo waliorudi wakakuta mashamba yao yamegawanywa na majina yao yamekuwa matusi. Aidha, aliyekatwa masikio au kuuawa mume alimwona mkosaji akipewa blanketi, ilhali yeye hakupewa hata pole. Sera ya taifa juu ya haki baada ya vita, iliyowatazama na walioumizwa, ilipitishwa na Baraza la Mawaziri mwaka 2019, karibu miaka ishirini baada ya msamaha. Huko ni kuchelewa.

MLANGO UNAOFUNGWA NA KUFUNGULIWA

Kasoro nyingine ni kuyumba. Mwezi wa Mei 2012 sehemu ya sheria iliyotoa msamaha iliachwa ikaisha muda wake. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2013, ikarudishwa. Tangu hapo uhai wake umetegemea kurefushwa kwa vipindi. Sasa fikiri, ndugu msomaji, habari hizo zinafikaje msituni. Kamanda wa waasi hahitaji maneno mengi. Humwambia kijana, "Msamaha umekwisha, ukirudi utanyongwa," naye kijana hana gazeti la kumkanusha.

Kwa upande mwingine, mlango usio na mipaka nao haufai. Thomas Kwoyelo alitekwa na waasi akiwa mtoto, akapanda hadi kuwa kamanda wao, na mwaka 2009 akakamatwa vitani. Aliomba msamaha, na kesi yake ikapanda mahakama baada ya mahakama, mpaka mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba ashtakiwe. Mwaka 2024 alipatikana na hatia, akahukumiwa kifungo cha miaka arobaini. Funzo lake ni kwamba sheria yapaswa kutamka tangu mwanzo nani atasamehewa na nani atashtakiwa, ili mtu asikae kizuizini miaka akingoja serikali ijue nia yake yenyewe.

KWA JIRANI ZETU WA KENYA

Jirani zetu wa Kenya wamepita njia hizo zote mbili ndani ya muda mfupi. Mwezi wa Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya Al-Shabaab, polisi waliingia mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi na kukamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na kuwakusanya katika uwanja wa michezo wa Kasarani ili wakaguliwe. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Ukamataji wa jumla haukuizuia hatari. Bali uliwafunga midomo wale ambao serikali iliwahitaji mno waseme, yaani wazazi na wazee wa mitaa ile.

Katika mwezi ule ule wa Aprili 2015 serikali ya Kenya ilitangaza msamaha kwa vijana waliotoka Somalia, ikawapa siku kumi za kujisalimisha, kisha ikaziongeza. Nia ilikuwa njema. Lakini siku kumi ni chache kwa kijana aliye mbali, na tangazo la waziri halina uzito wa sheria iliyopitishwa na Bunge. Mwaka 2016 Kenya ilitoa mkakati wa taifa wa kupambana na itikadi kali, na baadhi ya majimbo ya pwani yakatunga mipango yao wenyewe. Hayo ni maendeleo, kwa kuwa mzee wa Kwale humjua kijana wa Kwale kuliko ofisi ya Nairobi.

MADAWA YA KULEVYA

Sasa turudi kwa mama wa kambini na ile karatasi iliyoungua. Kwa upande wa madawa, sheria yetu imekuwa na safari yenye mashimo. Sheria ya kudhibiti madawa ya kulevya ilipitishwa na Bunge mwaka 2014 na ikaanza kutumika mwaka 2016. Mwezi wa Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliibatilisha, si kwa ubaya wa maneno yake, bali kwa sababu ilipopitishwa idadi ya wabunge waliotakiwa kuwapo haikutimia. Waliokwenda mahakamani walikuwa wakulima na wauzaji wa mairungi. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria upya. Haya yanatufundisha kwamba ukali wa sheria hauna faida ikiwa imetungwa kwa uzembe.

Adhabu kali inamfaa mfanya biashara anayetajirika kwa vifo vya watoto wa wenzake. Lakini aliyekwisha kuwa mtumwa wa heroini ni mgonjwa pia. Asipoipata, mwili humtetemeka, tumbo humsokota, na usingizi humkimbia. Hapo ataiba hata sufuria ya mamake. Kumfunga mtu huyo bila kumtibu ni kuahirisha wizi wake mpaka siku atakapotoka.

Tanzania, ambayo pwani yake imesumbuliwa mno na heroini inayopitishwa Bahari ya Hindi, ilianza mwaka 2011 katika Hospitali ya Muhimbili kutoa dawa iitwayo methadoni. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya muuguzi. Hukaa mwilini muda mrefu na kuzuia yale mateso, hata mtu akaweza kufanya kazi na kulala nyumbani. Kenya ilifuata mwishoni mwa mwaka 2014, na Uganda ilifungua kliniki yake katika Hospitali ya Butabika mwaka 2020. Kwa mgonjwa wa heroini, hiyo ndiyo hati yake ya msamaha.

Tusiitukuze kupita kiasi. Methadoni haitibu pombe, wala bangi, wala mairungi, ambavyo ndivyo vinavyowapata vijana wetu wengi zaidi. Kliniki moja pembeni mwa Kampala haimfai kijana wa Arua au Kasese, kwa kuwa hakuna awezaye kusafiri kila siku kunywa kikombe kimoja. Na kama askari atasimama langoni kuwakamata wanaoingia, siku ya pili lango litakuwa tupu. Tiba ya namna hii husimama kwa makubaliano ya mganga na polisi, au haisimami kabisa.

KWETU SISI

Tukizipima hatua hizi kwa jumla, twaona kwamba serikali zetu zimekuwa hodari zaidi wa kukamata kuliko wa kupokea. Pale zilipofungua mlango wa kurudi, kwa sheria ya msamaha au kwa kliniki, watu walirudi. Pale mlango ulipokuwa mwembamba, au ulipofungwa leo na kufunguliwa kesho, watu walikaa gizani, na giza hilo likamfaa muuza madawa na mwandikishaji wa waasi.

Afande unayesoma ukurasa huu, huenda wewe ndiwe mlango wenyewe. Mzazi akija mezani pako kusema mwanangu amepotea, neno lako la kwanza litasikiwa kijiji kizima. Ukimkemea kama mshitakiwa, hatarudi, wala jirani yake hatakuja. Ukimpa kiti na kumsikiliza, utakuwa umefanya kazi ambayo doria nzima isingeifanya.

Nawe mama, usimfiche mtoto mpaka aoze. Mwambie baba yake, lakini mwambie akiwa amekwisha vua sare na kula, na mtoto asiwepo. Kisha mpelekeni kwa mganga pamoja. Baba naye akumbuke kwamba kiboko hakijapata kumponya mtu homa. Mti hukunjwa ungali mchanga, lakini hukunjwa kwa mkono, haukunjwi kwa shoka.