Mgeni wa Jeshi: Kitanda, Sahani na Habari za Vita

Mwaka 2009 askari wa Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu walianza kuvimba miguu. Wengine walihema kwa shida huku moyo ukienda mbio. Tangu Aprili mwaka huo hadi Mei 2010 walihesabiwa wagonjwa 241. Wanne walifariki, na zaidi ya 50 walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda. Madaktari walipima damu wakitafuta vijidudu na sumu, wasipate kitu. Mwishowe ikabainika kuwa ni beriberi, ugonjwa unaotokana na upungufu wa vitamini B1. Waliougua zaidi ni wale waliokula chakula cha kambini peke yake bila kuonja kitu kutoka uraiani, na wale waliokaa mahali ambapo risasi zilirushwa kila siku. Walipopewa vitamini hiyo, hali zao zilibadilika haraka.

Naanza na kisa hicho kwa sababu mwandishi wa habari anayeambatana na jeshi hula chungu kimoja na askari. Tunamwona kwenye televisheni akiwa na kofia ya chuma na fulana ya kuzuia risasi, moshi ukipanda nyuma yake. Hatuoni alikolala, alichokula, wala aliyemfikisha pale. Mimi naamini mambo hayo matatu yanaamua habari tunayoipata kuliko tunavyodhani, na kwamba msomaji ana haki ya kuyajua.

Utaratibu wa sasa wa kuwaweka waandishi ndani ya vikosi ulipata sura yake katika vita vya Iraq. Februari 2003 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa mwongozo, na zaidi ya waandishi 500 wakaingia vitani pamoja na askari. Kwa mwongozo huo, kikosi kitampa mwandishi malazi, chakula na matibabu akihitaji. Kofia na fulana atakuja nazo mwenyewe. Hatabeba silaha. Usiku hatawasha taa ya kamera bila idhini ya kamanda. Jinsia haitakuwa sababu ya kumzuia mtu yeyote. Na hatakuwa na gari lake.

Hilo la gari ndilo zito kuliko yote. Asiye na gari huenda kikosi kinakokwenda na kusimama kinaposimama. Kijiji kikishambuliwa kilomita tano upande wa pili, atausikia mshindo tu. Wanakijiji watakaozika maiti zao kesho yake hatawafikia, labda kamanda apende kupita huko, na hata akipita, mwandishi atateremka kwenye gari la deraya akiwa katikati ya watu wenye bunduki. Mama aliyefiwa atamwambia nini mtu wa namna hiyo?

Mwili nao hulipa. David Bloom wa televisheni ya NBC, mwenye umri wa miaka 39, alisafiri na askari wa Marekani kuelekea Baghdad, akilala amejikunja ndani ya gari usiku baada ya usiku. Mkewe alisimulia baadaye kwamba alikuwa akilalamikia maumivu ya mguu. Tarehe 6 Aprili 2003 alikufa kwa damu iliyoganda mguuni na kupanda hadi mapafuni. Kukaa mkao mmoja bila nafasi ya kunyoosha miguu kulichangia kifo chake, katika vita ambavyo kila mtu alikuwa akihofia silaha za sumu.

Kambi hazifanani. Uwanja wa ndege wa Kandahar, Afghanistan, ulikuwa mji kamili: kulikuwa na barabara ya mbao iliyozungukwa na maduka, mkahawa wa Tim Hortons uliofunguliwa na Wakanada mwaka 2006, na bwawa kubwa la majitaka ambalo harufu yake ilimfikia kila aliyepita hapo. King'ora cha roketi kilipolia, askari na mwandishi walilala kifudifudi kwanza, kisha wakakimbilia handaki. Lakini kwenye milima ya bonde la Korengal, nchini humohumo, ambako mwandishi Sebastian Junger na mpigapicha Tim Hetherington walifuatana na kikosi kimoja kwa vipindi kati ya 2007 na 2008, kituo cha Restrepo hakikuwa na maji ya bomba wala intaneti. Kilijengwa kwa mawe, mbao na viroba vya mchanga juu ya ukingo wa mlima, na mapigano yalikuwa jambo la kila siku.

Kwenye vituo kama hivyo chakula ni cha pakiti. Ndani ya pakiti moja ya jeshi la Marekani mna mlo wa kama kalori 1,250, pamoja na mfuko mwembamba wa plastiki wenye unga wa magnesi na chuma. Unapenyeza chakula, kikiwa bado kimefungwa, ndani ya mfuko huo, unamimina maji kidogo hadi kwenye mstari uliochorwa, unakunja mdomo wake na kuuegemeza kwenye jiwe. Punde unaanza kufuka mvuke mkali, na maharage yanapata moto bila kuni wala moshi wa kumwonyesha adui mlipo. Jeshi lenyewe linashauri askari wasikitegemee chakula hicho peke yake zaidi ya siku 21. Tumbo hufunga, na choo cha kambi ni shimo au pipa nyuma ya turubai. Kwa wanawake ni shida zaidi, kwa kuwa wapo wanaojinyima maji makusudi ili wasilazimike kutoka gizani kwenda chooni, tena kwenye joto linalodai mtu anywe maji bila kukoma.

Turudi Mogadishu, ambako sisi wasomaji wa Kiswahili tuna watu wetu. Askari wa Uganda walifika Machi 2007, Warundi wakafuata mwisho wa mwaka huo. Oktoba 2011 Jeshi la Ulinzi la Kenya lilivuka mpaka na kuingia kusini mwa Somalia, na waandishi waliosafiri nalo wakaonja tope la mvua lililokwamisha magari mazito. Kiswahili ni lugha ya jeshi la Uganda, kwa hiyo mwandishi wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuita "afande" na kuzungumza na askari moja kwa moja bila mkalimani, akapata habari ya mtoto aliyezaliwa nyumbani baba akiwa vitani na malalamiko ya mshahara uliochelewa. Mwandishi wa Ulaya huyakosa hayo.

Kambi kuu ya Umoja wa Afrika mjini Mogadishu, Halane, iko kando ya uwanja wa ndege, bahari upande mmoja. Wageni hulala kwenye makontena yaliyozungukwa na kuta za vikapu vya waya vilivyojazwa udongo. Kutoka hapo hupandishwa Casspir, gari refu la deraya lenye tumbo la pembe linalosukuma mlipuko wa bomu pembeni, wakautazama mji kupitia kioo kinene cha dirisha dogo. Na kuta hizo hazina dhamana: tarehe 17 Septemba 2009 magari mawili yenye alama za Umoja wa Mataifa yaliingia makao makuu ya kikosi na kulipuka, yakaua askari 17, akiwamo naibu kamanda, Meja Jenerali Juvénal Niyonguruza wa Burundi.

Ukilala ukuta mmoja na watu, ukagawana nao maji na hofu, unawapenda. Sioni aibu yoyote kwa mwandishi katika hilo. Aliyekukinga kwa mwili wake risasi zikipita hawezi kuwa mgeni kwako. Ubaya uko kwa chombo cha habari kinachotosheka na macho hayo peke yake. Jeshi likiamua kufunga mlango, hakibaki na kitu. Tarehe 15 Januari 2016 wapiganaji wa Al-Shabaab walivamia kambi ya Wakenya huko El Adde, Somalia. Serikali ya Kenya haikutangaza idadi kamili ya waliouawa. Wiki iliyofuata mwandishi Yassin Juma alikamatwa Nairobi kwa aliyoyaandika mtandaoni kuhusu shambulio hilo. Familia za askari zilisubiri majibu huku mstari wa mbele ukiwa hauna mwandishi hata mmoja wa kuwaambia kilichotokea.

Wakati huohuo, nje ya kuta, wapo waandishi wa Kisomali ambao hawapewi kontena wala Casspir. Hurudi nyumbani kwa miguu au kwa bajaji, na wauaji wanaijua njia yao. Hassan Osman Abdi, mkurugenzi wa shirika la habari la Shabelle, alipigwa risasi Mogadishu tarehe 28 Januari 2012 akifika kwake. Wao ndio wanaofika kwenye msiba ambao mgeni wa kambini hawezi kuufikia. Afghanistan ni vivyo hivyo: Juni 2016, David Gilkey wa redio ya NPR alipouawa akisafiri na askari wa Afghanistan huko Helmand, aliuawa pia Zabihullah Tamanna, mwandishi wa Kiafghani aliyekuwa mkalimani wake. Jina la mwenyeji lisitajwe kama nyongeza.

Kisha vita huisha, mwandishi anarudi nyumbani na mwili wake. João Silva, mpigapicha wa The New York Times aliyekanyaga bomu la ardhini Kandahar tarehe 23 Oktoba 2010 na kupoteza miguu yote miwili, alitibiwa katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed na gazeti lake halikumtupa. Wengi hawana gazeti la namna hiyo. Kambi za Iraq na Afghanistan zilichoma taka kwenye mashimo ya wazi, plastiki, betri na kila kitu, na moshi ukaingia mapafuni mwa wote waliolala karibu. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria ya kuwatibu maveterani waliovuta moshi huo. Mwandishi aliyelala hema la jirani hamo katika sheria hiyo. Mwandishi wa kujitegemea, anayelipwa kwa picha au kwa habari moja moja, mara nyingi hana bima hata ya safari.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wahariri wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Bujumbura na Goma. Kabla ya kumtuma mtu kambini, mnunulieni fulana na kofia zinazomtosha, mkatieni bima itakayomlipa hata akirudi na kikohozi cha miaka kumi, na mumpe mafunzo ya huduma ya kwanza. Mlipeni mwandishi wa Kisomali au wa Kikongo aliye nje ya ukuta kwa kiwango kilekile, na jina lake likae juu ya habari. Na habari ikichapishwa, mwambieni msomaji waziwazi: mwandishi huyu alisafiri, alikula na kulala kwa jeshi hili.