Saa ya Simu Ikikosea: Vipi Kuhusu Swalaah na Futari?

Sifa zote njema ni za Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad, Aali zake na Swahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, programu za nyakati za Swalaah hazilioni jua. Zinapiga hesabu kwa tarehe na mahali ulipo, kisha zinafuata saa ya simu. Saa ikiwa mbele kwa dakika 5, adhana nayo italia dakika 5 kabla ya wakati.

Tukiona adhana ya simu inapishana na ya msikiti, tukague haya:

1. Katika mipangilio ya simu, tarehe na saa vijirekebishe vyenyewe kupitia mtandao.
2. Majira ya eneo yawe sahihi. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 3 mbele ya Greenwich, Oman saa 4. Msafiri aliangalie hili.
3. Kompyuta ya msikiti ikirudi tarehe ya zamani kila inapozimwa, mara nyingi betri yake ndogo ya mviringo imekwisha. Ibadilishwe.

Jambo hili si dogo. Aliyeswali kabla ya wakati kuingia, hata kwa kukosea, atairudia Swalaah yake. Aliyefuturu kabla ya jua kuzama, kauli ya Jumhuri ya Wanachuoni ni kuwa atailipa siku hiyo.

Saa ni msaidizi tu. Alama Aliyoiweka Allaah ni alfajiri na mwendo wa jua. Ukishuku kama wakati wa Swalaah au futari umeingia, subiri mpaka upate yakini.

Na Allaah Anajua zaidi.