Idhini, Ridhaa na Dhima: Lugha ya Uhamishaji wa Fedha Kenani

Kituo cha Kenani, wilayani Nchelenge, kilianza kupokea wakimbizi kutoka Kongo mwaka 2017. Miongoni mwao wamo wasemaji wa Kiswahili cha Katanga. Lugha rasmi ya Zambia, kwa mujibu wa Ibara ya 258 ya Katiba, ni Kiingereza. Makala haya yanafafanua wajibu wa benki katika kuhamisha fedha, na athari za istilahi kwa mteja wa aina hiyo.

Sheria ya benki nchini Zambia ina mizizi katika sheria ya kimila ya Uingereza. Shauri la Foley dhidi ya Hill (1848) liliamua kuwa fedha zilizowekwa huwa mali ya benki, naye mteja huwa mdai wake. Kwa hiyo, benki ikilipa bila agizo la mteja, imelipa fedha zake yenyewe. Kwa kawaida haiwezi kumkata mteja. Hata hivyo, shauri la Macmillan (1918) lilimtwika mteja hasara iliyotokana na uzembe wake katika kuandika hundi.

Agizo likitolewa na wakala wa mteja, nayo benki ikawa na sababu za msingi za kushuku wizi, kanuni ya Quincecare huitaka isitishe malipo. Lakini katika shauri la Philipp (2023), Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kuwa kanuni hiyo haimhusu mteja aliyetoa agizo mwenyewe, hata akiwa ametapeliwa. Uamuzi huo haufungi mahakama za Zambia, ila unaweza kuzishawishi.

Hapa ndipo lugha inapogusa haki. Mteja aliyetapeliwa akaingiza namba ya siri ametoa idhini, ingawa ridhaa yake imejengwa juu ya uongo. Tafsiri inayotumia “kukubali” kwa dhana zote mbili huificha tofauti inayoamua nani abebe hasara. Vivyo hivyo, wajibu ni jambo ambalo benki inatakiwa kulitenda. Dhima ni kubeba matokeo wajibu unapovunjwa. Dhamana ni ahadi ya kulipa deni la mwingine. Anayeambiwa kuwa benki “ina dhamana” anaweza kudhani fedha zake zitarudishwa kwa vyovyote.

Inapendekezwa kuwa Benki Kuu ya Zambia izitake taasisi za malipo zitoe onyo kabla ya agizo kuthibitishwa, katika lugha ya mteja na kwa sentensi nyepesi: “Ukithibitisha, fedha zitatumwa, na huenda zisirudi hata ukiwa umedanganywa.” Onyo linaloeleweka humwezesha mteja kujilinda mapema, pale ambapo sheria huenda isimlinde baadaye.